Mgeni Aliyekuja na Jibu

"Somoe, nani huyo mwanamume anayeimba ndani kwako, nawe umo edani?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Mwatima juu ya ua wa makuti, beseni la nguo kichwani, siku ambayo mpaka leo sijui niiite jana au mwaka juzi. Nikamwambia ndani hamna mwanamume. Akasema, kama si mwanamume ni nini? Nikamwambia ni wimbo. Akashusha beseni chini. Mwatima akishusha beseni, ujue hana safari tena.

"Wimbo una kikohozi?"

"Unacho."

"Wimbo unaburuta ndara?"

"Mwatima, niache."

"Nakuacha, mwenzangu, nakuacha. Ila masikio haya nimezaliwa nayo, sikuyaazima kwa mtu. Nasikia kitu kinakohoa, kinaburuta ndara, kinaimba. Kwetu sisi kitu cha namna hiyo kinaitwa mwanamume, na kikikaa sana kinataka chai."

Nilitaka kucheka, nikakumbuka kuwa mjane wa siku chache kama mimi hacheki kicheko kinachovuka ua. Nikaingia ndani. Mgeni alikuwa amekaa pale pale, juu ya mbuzi yangu ya kukunia nazi, magoti yamemfika kidevuni, anaimba lile neno lake moja.

Asidhani mtu kwamba nafanya mzaha. Mji wetu ndio ulivyo. Jina hauna. Kibao kipo njia panda, kimepakwa chokaa tupu, na kila anayeingia husoma juu yake jina la kule alikotoka, akatua moyo akidhani amefika kwao. Siku nazo hazitujii zikifuatana kama zinavyofuatana kwa watu wengine. Tunagawiwa na Mtunza Siku, ambaye ofisi yake ina ngazi za kupanda lakini za kushuka hamna, na ambaye amevaa saa kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko, kila moja ikisema lake. Unaweza kwenda kwake kutaka Ijumaa ukaambiwa Ijumaa zimekwisha, chukua Jumanne, nayo imeshafunguliwa na mtu mwingine ameshakaa ndani yake akala. Tunachukua. Tumezoea. Mwanadamu akishazoea kupanga foleni, hata ukimwekea ukuta mbele atauliza nani wa mwisho.

Mimi sikuwa na ugomvi na mambo hayo. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikasoma chuoni kwa maalimu, nikaolewa na Ngwali, fundi wa kuwamba vitanda vya kamba, na kazi yangu ilikuwa nyumba na kutunga nyimbo. Wenye harusi walikuja kwangu, wenye kutoa watoto jandoni walikuja kwangu. "Somoe tutungie." Wakishatungiwa, wimbo huwa wao, mimi husikia ukipita barabarani na vigelegele nikajua ni wangu, kama mama anavyomjua mtoto wake kwa kisogo. Wala sikulalamika. Wimbo ukikamilika haukai nyumbani. Unatoka, na sijaona hata mmoja uliorudi kunisalimu.

Namna tulivyokuwa tukizitunga ni hii. Mimi jikoni nakuna nazi, yeye uani anavuta kamba. Naanzisha mstari, yeye anapokea. Kama mapokezi yake yameangukia pale anapovuta na kamba ikakaza, mstari ni mzima, tunaendelea. Kama kamba imelegea mkononi mwake, mstari ni mbovu, nautupa pamoja na machicha. Hatukuwa na mizani nyingine. Ndiyo maana vitanda vya mji huu, wanaovilalia hawajui, vimewambwa kwa nyimbo. Ukilala ukahisi kitanda kinakubonyea mahali fulani mgongoni, basi hapo mstari wangu haukuwa mzuri na Ngwali aliona uvivu kuirudia kamba.

Kisha Ngwali akafa. Sina la kuongeza. Aliyeumba ametwaa.

Watu walikuja, wakalia, wakala wali, wakakunja mikeka, wakaenda. Nikajifunga kaniki, nikaingia edani, nikautandika mswala wangu ili nimswalie Mola wangu adhuhuri ya kwanza nikiwa peke yangu ndani ya nyumba hii. Ndipo alipoingia. Bila hodi. Nilikuwa nimesimama mbele ya Mungu, mikono kifuani, na nyuma yangu nikasikia ndara, nikasikia kikohozi kile cha vumbi la usumba wa kamba za vitanda, na sauti ya Ngwali. Sikusema sauti kama ya Ngwali. Ya Ngwali mwenyewe. Ikaimba:

*Nami nipo, nami nipo.*

Na mimi, mahali pa kusema amina, nikasema, "Upo wapi?"

Swala ikabatilika. Ipo sijida ya kusahau, naijua, lakini hiyo ni ya aliyesahau hesabu ya rakaa, si ya aliyegeuka kuzungumza na mtu. Nikaanza upya. Akaimba. Nikamjibu tena kabla sijajua kama nimefungua kinywa. Nikaanza upya. Nikaanza upya. Jamani, nimeswali adhuhuri ile mpaka mswala umeacha alama kwenye sakafu na magoti yangu yameacha alama kwenye mswala, na sijaimaliza. Na adhuhuri nayo, ama kwa rehema ya Mungu ama kwa uzembe wa wale wanaotugawia siku, ikaningoja. Jua likasimama juu ya mji. Kivuli cha mtu kikaingia chini ya nyayo zake na hakikutoka. Alasiri ikakwama mahali huko nje ya mji.

Sasa nieleze nilivyochoka.

Nimechoka kwa sababu mgeni huyu hana sura moja. Ukimtazama mara ni mzee, mara ni kijana wa kunyoa ndevu za kwanza, mara hayupo, zipo ndara tu kwenye mbuzi ya nazi zimekaa kama mtu. Nimechoka kwa sababu sijui hukumu yake. Wimbo ni maharimu au si maharimu? Chuoni hatukufika huko. Nikajitanda ushungi mbele yake, nikisema heri kuzidisha haya kuliko kuzipunguza, na hivyo nikawa mwanamke anayejitanda ndani ya nyumba yake mwenyewe mbele ya sauti ya mumewe mwenyewe. Na nimechoka zaidi ya yote kwa sababu ya hilo alilokuja nalo. Wimbo wa watu huja na mwito, wewe ukautafutia mapokezi. Huyu amekuja na mapokezi. Amekuja na jibu. Swali hana.

Mtu akikupa swali bila jibu, unaweza kulala nalo. Dunia imejaa maswali na watu wanasinzia. Lakini jibu bila swali ni mlango uliosimama uwanjani peke yake, hauna nyumba. Unaufungua, unapita, uko pale pale ulipokuwa. "Nami nipo." Vizuri. Nani kauliza? Upo na nani? Hilo "na" limeshika mkono wa nani? Nilikuwa nikikuna nazi, nikiulizana na ukuta. Yaani ningekuwa nikikuna nazi, kama mbuzi isingekaliwa.

Nikajaribu kumkamata. Mtunzi yeyote atakwambia wimbo haumalizwi kabla haujakamatwa. Nilifunga fundo kwenye pindo la kanga, kama tunavyofanya tangu usichana, fundo moja mstari mmoja, ukirudi nyumbani unafungua na mstari unatoka ukiwa mzima. Nikafunga. Nikafungua. Akatoka mchwa. Nikaandika kwa mkaa ukutani, *nami nipo*, na hati yangu ni nzuri, mwalimu aliisifu. Lakini nilipogeuka na kurudi kuisoma, maneno yalikuwa yamelala kama panzi waliokufa, ya mtu yeyote, ya mtu anayeitwa sokoni kupokea mzigo wake. Nikamfunika kwa kawa, kile kifuniko cha chakula. Akaimba ndani ya kawa. Nikakumbuka kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nikalitoa jembe la marehemu nikamwekea miguuni.

"Haya. Siku ya tatu imefika, au imepita, au haijaja, mimi sijui tena. Kalime."

Akalitazama jembe. Akalitazama kwa upole kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu asiyemkumbuka.

"Nami nipo," akaimba.

"Najua upo! Ndicho kinachoniua! Upo jikoni, upo kwenye udhu wangu, upo kwenye rakaa ya tatu! Sema ulichokuja kusema uondoke!"

Nikamtupia kata ya maji. Ikapita katikati yake, ikapiga mtungi, mtungi ukalia sauti nzuri kabisa ambayo wakati mwingine wowote ningeitungia wimbo.

Mwongo ni yule atakayesema nilitaka aondoke. Nilikuwa nikisema aondoke kwa mdomo ule ule uliokuwa ukingoja akohoe tena. Haikuhitaji akili nyingi kujua mambo yalivyokaa: nikiupata mwito, wimbo utakamilika, na wimbo uliokamilika unatoka mlangoni, na huu ukitoka unatoka na sauti yake, na sauti yake ndiyo iliyobaki. Nguo nimezitoa sadaka. Kitanda nimekifumua. Nisipoupata mwito, adhuhuri haimaliziki, eda yangu haisogei, na mji mzima unaungua kwa ajili ya mwanamke mmoja anayetaka kumsikia mumewe akikohoa. Nilikuwa nalijua hilo. Nikaendelea kutandika mswala.

Mtunza Siku akaja na kiti chake mwenyewe, akakiweka barazani. Kuingia hakuweza, eda ni eda, hata kwake. Tukazungumza kwa pazia. Niliona viatu vyake tu, na saa zake nilizisikia, zote zimesimama lakini zinahema.

"Bibi mjane. Pole kwa msiba."

"Tumeshapoa, bwana."

"Sidhani. Kuna joto." Akafurahia kidogo alichokisema. "Nimeletewa malalamiko. Wali unaiva kabla ya kupikwa. Wanafunzi wako shuleni hawatoki, maana kengele ya kutokea iko upande wa pili wa saa saba. Na nimeambiwa chanzo kiko ndani ya nyumba hii, kinaimba."

"Ni wimbo haujakamilika."

"Ndiyo maana nimekuja na msaada." Chini ya pazia ukapita mkono wenye saa, ukasukuma kinasa sauti, kidogo kama sanduku la tambuu. "Bonyeza hapo penye wekundu. Aimbe. Basi. Mambo ya kuhangaika na mafundo ya kanga yamepitwa."

Nikabonyeza. Mgeni akaimba, vizuri kuliko siku zote, akaiachia sauti mpaka nikashika ukuta. Nilipokirudisha nyuma nisikilize, kilikuwa kimenasa kuku wa Mwatima na pumzi yangu mimi. Pumzi tu, inaingia, inatoka. Nikakisukuma chini ya pazia. Mtunza Siku akasikiliza kuku mpaka mwisho.

"Haidhuru," akasema. "Kwa kweli hatukukihitaji. Watu walioko nje wameshalisikia dirishani kwako mara nyingi, wanalijua. Ni neno dogo, zuri, linakaa mdomoni. Nami nipo. Kinachokosekana ni mwito, na mwito sisi tunao."

"Mwito gani?"

Akasogeza kiti karibu na pazia kama anayetaka kumwambia mtu siri ya mahari. "*Nani anayemtaka Mtunza Siku milele?*"

Nikasikia baridi katika mchana ule.

"Nao watajibu..."

"Watajibu wanachokijua. Hawana kingine. Watu wakisimama juani muda mrefu, bibi, wanataka kuitikia tu. Nini, si shida yao. Nimeagiza wakusanyike hapa mbele ya nyumba yako, na kipaza sauti kinakuja. Wimbo utakamilika, alasiri nitaiachia, eda yako itasogea. Hakuna atakayepoteza."

"Hilo jibu si lako."

"Ni la nani?"

Nikafungua kinywa. Nilitaka kusema ni la Ngwali. Halikutoka. Kwa sababu Ngwali, Mungu amrehemu, hayupo. Nimemwosha miguu macho yangu yakitazama, nimesikia udongo ukirudishwa. Mtu asiyekuwapo atasemaje yupo? Nikabaki nimeshika pazia, mjane wa darasa la saba, na swali la Mtunza Siku limesimama mbele yangu, na nyuma yangu mwenye jibu ameketi juu ya mbuzi ya nazi.

"Nilidhani hivyo," akasema, akaanza kufuta viatu vyake.

Nikarudi kwa mgeni. Nikakaa chini mbele yake, mkekani, kama ninavyokaa mbele ya mgonjwa.

"Sikiliza. Wanakuja kukuchukua. Watakubandika kwenye kipaza sauti, utaitikia usichokijua mpaka mwisho wa dunia. Nisaidie. Mimi nitaanzisha, wewe upokee kwenye lile lililo lako. Tufanye kama zamani."

Nikaanzisha: *Nani aliyeniacha?*

Akatazama ndara zake.

*Nani amelala chini ya mchanga?*

Akakohoa, si kwa kupokea.

*Nani atarudi, hata kwa siku moja? Nani atavuta kamba uani?*

Akageukia ukutani. Nikavunja mistari mingine, nikaitupa, mibovu yote, naijua mistari mibovu, inalegea hata kabla ya kufika mkononi mwa mtu. Nilikuwa nikimwita yeye. Kila mwito nilioutoa ulikuwa na jina lake ndani, kama kokwa, nami nikitaka lile "nami nipo" limwangukie yeye. Hasira zikanipanda, hasira za kijinga, za mtu anayemkasirikia mwenzake kwa kufa. Nikasema, "Ulikuwa unapokea hata mistari ya kipumbavu! Ulipokea wimbo wa kuku! Leo ndio umekuwa na maringo?"

Nje watu walikuwa wamekwishaanza kukusanyika. Nilisikia miguu, sikusikia mazungumzo. Watu wa juani hawazungumzi.

Mwatima akaingia kwa mlango wa uani. Midomo imempasuka, kanga ameifunga kichwani kama mgonjwa wa meno, na mkononi ana shati la mwanawe limekauka mpaka limekuwa bati. Aliliweka sakafuni likasimama lenyewe.

"Somoe, nimekuja kukutukana."

"Karibu."

"Nimesahau matusi. Joto." Akakaa. Akamwona mgeni, nadhani, kwa sababu alivuta nguo yake ifunike magoti. Lakini hakusema kitu, na kwa Mwatima huo ulikuwa muujiza mkubwa kuliko jua kusimama. "Kweli wanalichukua?"

"Wanalichukua."

"Na wewe unafanya nini?"

"Namtafutia mwito."

"Unamtafutia, au unamchelewesha?"

Mtu mmbeya naye ana jicho.

Akalisukuma shati la bati, likayumba. Akasema polepole, si kwa sauti yake ya uani, kwa sauti nyingine ambayo sikujua kama anayo. "Mimi mume wangu alipokufa, wewe ulikuwa hujahamia hapa. Mji wote ulikuja. Kila anayeingia mlangoni: kafa nani? Kafa nani? Wanaambiwa, wanakaa, wanalia. Anakuja mwingine: kafa nani? Nimekaa pale kwenye pembe, nimejikunyata, siku zote za matanga nasikia swali moja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kabaki nani. Hata mmoja, Somoe. Nilikaa nikingoja mtu aulize. Mpaka nikaanza kuuliza mimi habari za watu wengine, ndio hivi unavyoniona."

Mgeni alikuwa amegeuka kutoka ukutani.

Nataka niandike taratibu hapa, kwa sababu jambo lilipita haraka. Nilimtazama. Hakuwa mzee wala kijana. Alikuwa amekaa wima, kidevu kimeinuka, kama Ngwali alivyokuwa akikaa uani kamba ikiwa imeshashikwa na mikono yote miwili, akingoja mstari aliojua utakuwa mzima. Nikaelewa kuwa tangu siku ile nilikuwa nikilisikiliza jibu kwa sikio la mtu anayesikia habari za marehemu. Hakuwa ameleta habari zake. Amekuja na neno ambalo sikutaka kulisema mimi. Aliyeondoka haulizwi kama yupo. Swali hilo ni la walio hai, na ni zito, kwa sababu anayelijibu amekubali kubaki.

Nje kipaza sauti kikalia, kikapiga mluzi ule unaoumiza meno. Mtunza Siku akasafisha koo, na mji mzima ukasikia koo lake likisafishwa.

"Ndugu wananchi. Poleni na jua. Nitaanzisha, nyinyi mtapokea. Ni rahisi."

Nikasimama. Mwatima akanishika pindo. "Umo edani, mwenzangu. Sauti yako isivuke."

"Najua."

"Watasema."

"Watasema, na wewe utakuwa wa kwanza."

"Kweli," akasema, akaniachia.

Nikamwambia Mola wangu, kimoyomoyo, kwamba sauti hii siyo ya shangwe wala ya pambo. Kwamba kama ni dhambi, basi aiandike kwangu, asiwaandikie wanaounguzwa. Nikaenda dirishani, nikabaki nyuma ya pazia kama sheria inavyotaka, nikaanzisha kabla Mtunza Siku hajamaliza kuvuta pumzi. Haikuwa sauti ya mwimbaji. Ilikuwa ya jikoni, ya kumwita mtu aliye uani.

*Kabaki nani?*

Kipaza sauti kikanyamaza. Nyuma yangu nikasikia mgeni akivuta pumzi ili apokee, kwa sauti ile, na nikajua ikishatoka mara hii haitatoka tena, na mwili wangu wote ukageuka sikio.

Mwatima akamtangulia.

"Nami nipo!"

Jamani, Mwatima hana sauti. Ilitoka kama mfuniko wa sufuria ulioanguka ngazini, chini ya wimbo, kando ya wimbo, popote isipokuwa ndani yake. Nilifumba macho kwa uchungu. Kisha mtu mmoja kule juani, mzee kwa sauti, nadhani ni yule aliyezika wanawe wote, akasema bila kuimba kabisa, kama anayeitwa jina kwenye foleni, "Nami nipo." Kisha mwanamke. Kisha wengi, kila mmoja kwa wakati wake, hawakupatana, haukuwa wimbo unaofaa harusi yoyote. Mtunza Siku alijaribu mwito wake. Nilimsikia akiutoa wote, neno kwa neno, na ulikaa hewani hauna pa kukanyaga, kwa sababu watu walikuwa na shughuli.

*Kabaki nani?* nikaanzisha tena.

Kwetu anayeanzisha hapokei mwenyewe. Ni ada, na ni adabu. Nilingoja wapokee, wakapokea, na bado mstari ulikuwa umelegea mahali fulani, niliuhisi kwenye viganja, kamba haijakaza. Nikageuka. Mgeni alikuwa akinitazama. Kinywa chake kilikuwa wazi na hakikuwa kinatoa kitu. Alikuwa amenyoosha mikono kidogo mbele yake, kama mtu aliyeshika upande mmoja wa kitu kirefu, anangoja wa upande wa pili avute.

"Haraka ya nini?" nikamwambia. "Kaa kidogo."

Hakukaa.

"Hata chai hujanywa."

Mwatima alikuwa ameinamisha kichwa.

Nikasema, basi. Nikasema kwa ukali, kama anayemtupia mtu haki yake aliyokuwa akimsumbua nayo, "Nami nipo." Sikuimba. Lakini neno lilikaza kama kamba. Nililisikia likikaza kutoka mbavuni mpaka kwenye nyayo, na chini ya dirisha watu walianza kusogea, wakionyeshana vivuli vyao vilivyokuwa vikitoka chini ya miguu, vyembamba, vikilala upande wa mashariki.

Mgeni akasimama. Aliinuka kwenye mbuzi yangu kwa taabu, kama mtu mzima aliyekaa sana pahali padogo, akaikung'uta shuka yake, akavaa ndara vizuri. Nilimtazama usoni nikidhani ningemwona Ngwali walau mara hiyo moja. Ulikuwa uso wa mtu anayekwenda kazini. Alipita kando yangu karibu sana, pazia likainuka likaanguka, akashuka barazani mbele ya kile kiti cha Mtunza Siku, akaingia katikati ya watu, nao wakampisha bila kumtazama, na akaenda zake bila kuniambia neno.